Kwa nini shamba la mwanamke huvuna kidogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie hoja kuhusu makala yenu ya hivi karibuni juu ya tija ya wakulima wadogo katika nchi zinazoendelea. Makala hiyo ilinukuu ripoti ya mwaka 2023 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, isemayo kwamba kati ya mashamba yenye ukubwa unaolingana, yale yanayosimamiwa na wanawake huwa na tija pungufu kwa asilimia 24 kuliko yale yanayosimamiwa na wanaume. Takwimu hiyo imenukuliwa sawasawa. Kilichonishikisha kalamu ni hitimisho lililoifuata, kwamba dawa ya pengo hilo ni kuwaelimisha wanawake kanuni za kilimo bora. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa ugani, na kabla ya hapo nilikuwa mdadisi wa takwimu za kilimo, nikipita kaya kwa kaya na dodoso mkononi. Kwa uzoefu huo, na kwa yale ambayo wachumi wamekwisha kuyapima, naona kwamba elimu si kitu kinachopungua zaidi katika shamba la mwanamke. Kinachopungua zaidi ni mikono ya kufanya kazi kwa wakati wake.

Nianze na dodoso, maana makosa mengi huanzia hapo. Dodoso tulilopewa enzi hizo lilitaka kwanza jina la mkuu wa kaya, na maswali yote yaliyofuata, ya ukubwa wa shamba, mbegu, mbolea na magunia, yalijibiwa chini ya jina hilo. Siku moja nilikuwa nimeketi na mzee mmoja nje ya nyumba yake, akinitajia mashamba na mavuno yake, huku mkewe akipepeta nafaka hatua chache kutoka tulipokaa. Nilipouliza kama kuna shamba jingine, mzee alisema hakuna. Mkewe akainua kichwa, akauliza bila kuacha kupepeta, "Na lile la bondeni je?" Mzee akacheka. "Lile si shamba, bwana karani," akaniambia, "lile ni la mama watoto." Nami, kijana niliyetaka kumaliza kaya sita kabla jua halijatua, nikafunga dodoso bila kuliandika.

Shamba lile la bondeni halikuingia katika hesabu yoyote, na hata kama ningeliandika, lingeingia kwa jina la mumewe. Kwa miaka mingi tafiti zililinganisha kaya zinazoongozwa na wanaume na kaya zinazoongozwa na wanawake, kana kwamba wanawake wanaolima ni wajane na walioachika tu. Mjane mwenye watoto wadogo na mke ambaye mumewe yuko mjini akimtumia fedha kila mwezi waliwekwa kapu moja, ilhali wanawake walio wengi, wanaolima vipande vyao wenyewe ndani ya kaya za waume zao, hawakuonekana kabisa. Anayetaka kujua mwanamke anavuna kiasi gani hana budi kwenda kipande kwa kipande, na kuuliza kila kipande kinasimamiwa na nani.

Hivyo ndivyo alivyofanya mwanauchumi Christopher Udry katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, akitumia takwimu zilizokusanywa katika vijiji vya Burkina Faso mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alilinganisha vipande vya mume na vya mke wa kaya moja, vilivyopandwa zao lilelile katika mwaka uleule, na akaona kwamba vipande vya wanawake vilitoa mavuno ya chini sana. Ulinganisho huo huondoa visingizio vingi kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mvua iliyonyesha ni ileile, soko ni lilelile na bei ni ileile. Alipoangalia kilichoingia katika vipande hivyo ndipo sababu ilipojitokeza: samadi na mbolea karibu zote zilikwenda kwenye vipande vya wanaume, na nguvukazi ya wanaume katika vipande vya wanawake ilikuwa ndogo mno.

Jambo hilo linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu kaya hiyo ilikuwa inajipunja yenyewe. Mkulima yeyote anajua kwamba toroli la kwanza la samadi huleta mabadiliko makubwa shambani, la pili huleta kiasi, na la kumi karibu halionekani. Kwa hiyo samadi inapolundikwa kwenye kipande ambacho kimekwisha kushiba, huku kipande cha jirani kikikaa na njaa, jumla ya mavuno ya familia hushuka. Udry alikadiria kwamba kama mbolea na kazi zilizokuwapo tayari zingegawanywa vizuri zaidi kati ya vipande vya kaya moja, uzalishaji wa kaya ungeongezeka kwa takribani asilimia 6, bila kuongeza hata mfuko mmoja kutoka nje. Naomba wasomaji wanaodhani kwamba hoja hii ni ya wanawake dhidi ya wanaume waikumbuke asilimia hiyo, kwa sababu chungu cha nyumbani ni kimoja.

Kuhusu ukubwa wa pengo lenyewe, tahadhari moja inatosha. Mwaka 2014 Benki ya Dunia na ONE, shirika la kampeni dhidi ya umaskini, walitoa ripoti iliyozihusu Ethiopia, Malawi, Niger, Nigeria, Tanzania na Uganda. Kwa ulinganisho wa moja kwa moja, pengo lilianzia asilimia 13 nchini Uganda hadi asilimia 25 nchini Malawi. Lakini ukubwa wa shamba na eneo lilipo vilipozingatiwa, Niger ilifika asilimia 66. Sababu ni kwamba mashamba madogo kwa kawaida hutoa mavuno mengi kwa kila hekta kuliko makubwa, kwa kuwa hupata matunzo ya karibu zaidi, na mashamba ya wanawake huwa madogo. Udogo huo hulificha pengo. Gazeti linapochapa asilimia bila kueleza ni kitu gani kimelinganishwa na kipi, msomaji hubaki na namba asiyojua aifanyie nini.

Sasa nirudi kwenye mikono, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua hii. Palizi ndiyo kazi inayoamua mavuno ya mkulima mdogo kuliko mafunzo yoyote niliyowahi kuyatoa. Magugu yana ratiba yake, na ratiba hiyo haimngoji mtu. Zao likichelewa kupaliliwa katika wiki zake za mwanzo, sehemu ya mavuno imekwisha kupotea hata kama baadaye litapaliliwa mpaka udongo ung'ae. Mwanamke anayelima ndani ya kaya ya mumewe hupalilia kwanza shamba la familia, yaani lile linalotajwa kuwa la mume, kisha hugeukia lake. Asubuhi yake imekwisha kukatwa vipande na maji, kuni, mapishi na mtoto wa kumnyonyesha. Nimesimama mara nyingi kwenye kingo za mashamba ya namna hiyo. Mistari ya mwanzo imepaliliwa vizuri, udongo umeinuliwa kwenye mashina. Ukienda mbele unakuta mistari iliyokwanguliwa juu juu. Na ukifika mwisho wa shamba, majani yamelifunika zao mpaka inabidi uinamishe kichwa ulitafute. Unaweza kusoma juma zima la mwenye shamba katika mistari hiyo, na kuonyesha kwa kidole mahali alipoitwa nyumbani. Mtu huyu hahitaji kufundishwa umuhimu wa kupalilia. Anaujua kuliko mimi.

Mtu atauliza kwa nini asikodi vibarua. Vibarua hulipwa taslimu, na msimu wa palizi ndio msimu ambao ghala ni tupu na fedha haionekani. Mwenye mifugo anaweza kuuza mbuzi. Lakini mifugo hiyo mara nyingi ni ya mume, na mkopo hutaka dhamana ambayo nayo ni ardhi yenye jina la mume. Hata fedha ikipatikana, kibarua wa kiume anayefanya kazi kwa mwanamke huhitaji kusimamiwa, na kusimamia maana yake ni kushinda shambani, jambo lisilowezekana kwa mwenye mtoto mgonjwa nyumbani. Ripoti ile ya 2014 iliitaja nguvukazi kuwa miongoni mwa vizuizi vikubwa, na ripoti iliyofuata mwaka 2015, iliyozihusu Malawi, Tanzania na Uganda, iliona kwamba uhaba wa nguvukazi ya wanaume wa familia ndio ulioeleza sehemu kubwa ya pengo nchini Malawi na hasa Tanzania. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa kuliziba pengo kungeiongezea Tanzania pato la dola za Marekani milioni 105 kwa mwaka, Malawi milioni 100 na Uganda milioni 67.

Kuna utafiti mmoja wa Mali ambao wapangaji wa mipango ya ruzuku wangefaa kuusoma kwa makini. Watafiti waliwapa wakulima wanawake wa mpunga mbolea ya bure. Wanawake hao hawakuiuza wala kuiacha stoo. Waliitia shambani, na mavuno yao yakaongezeka. Lakini walilazimika pia kuongeza vibarua na dawa za kuua magugu, kwa maana mbolea haichagui, hulisha mpunga na hulisha gugu. Na hesabu ilipofungwa, faida yao haikuonekana kuongezeka. Matokeo hayo yananikumbusha misimu ambayo mimi mwenyewe nilisimamia ugawaji wa mbolea nikijisifu kwa idadi ya mifuko, nisijiulize hata mara moja ni nani atakayeng'oa majani yatakayostawi pamoja na zao.

Sisemi kwamba ardhi haina uzito. Huko Akwapim, kusini mwa Ghana, ambako wakulima hurudisha rutuba kwa kuilaza ardhi, yaani kuiacha bila kuilima, kwa miaka kadhaa, wanauchumi Markus Goldstein na Christopher Udry walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, kwamba wenye vyeo katika uongozi wa jadi huilaza ardhi yao kwa muda mrefu bila wasiwasi, wakati wasio na vyeo, wanawake wengi wakiwamo, huilaza kwa muda mfupi kwa kuogopa kwamba kipande kikionekana hakilimwi kitapewa mtu mwingine. Mwanamke huyo hulima udongo uliochoka huku akijua fika kwamba umechoka. Ukimpelekea somo la kupumzisha ardhi atakusikiliza kwa adabu, kisha ataendelea kulima, na mimi ningefanya vivyo hivyo kama ningekuwa yeye.

Hati nazo zina uwezo wake na mipaka yake. Nchini Rwanda, tathmini ya majaribio ya usajili wa ardhi, iliyochapishwa mwaka 2014, ilionyesha kwamba kaya zilizosajiliwa ziliongeza uwekezaji katika kuhifadhi udongo, na kwamba ongezeko hilo lilikuwa kubwa karibu maradufu katika kaya zinazoongozwa na wanawake. Ushahidi huo ni mzuri. Hata hivyo tathmini hiyohiyo iligundua kwamba wanawake wenye ndoa zilizosajiliwa kisheria walinufaika, ilhali wale walioishi na waume zao bila cheti cha ndoa walijikuta haki zao zimepungua kuliko awali. Karatasi ilimlinda mwenye karatasi nyingine. Ningependa kuona jambo hilo likitajwa kila waziri anapozindua kampeni ya hatimiliki.

Kuhusu mazao, nitasema kwa kifupi tu kwamba sehemu ya pengo hutokana na kile kinachopandwa. Nchini Malawi, kwa mfano, wanawake hulima kwa kiasi kidogo zaidi mazao ya kuuzwa nje, na kwa kuwa tija hupimwa kwa thamani ya mavuno, aliyepanda zao la chakula cha nyumbani huonekana dhaifu kabla mizani haijaletwa.

Nayo elimu ya kilimo, ambayo ndiyo tegemeo la makala yenu, ina historia yake. Mwanauchumi Ester Boserup aliandika mwaka 1970 kwamba huduma za ugani, tangu enzi za ukoloni, ziliwalenga wanaume na mazao ya biashara, zikawaacha wanawake na zana za zamani, na hivyo kulichimba lile pengo ambalo baadaye lilidaiwa kuwa ni la asili. Kwa hiyo sipingi wanawake kufikiwa na maafisa ugani. Nililipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ninachopinga ni dhana kwamba wakifikiwa watakuwa wagumu wa kuelewa, au kwamba kuelewa kunatosha. Katika jaribio lililofanyika Malawi, baadhi ya wanakijiji, wanawake kwa wanaume, walifundishwa mbinu mpya ili nao wawafundishe wenzao. Wanawake walijifunza vizuri, wakakumbuka walichofundishwa na wakakitumia katika mashamba yao. Lakini wakulima wengine waliwaona kuwa wana uwezo mdogo kuliko wakufunzi wa kiume, na hawakuupokea ujumbe wao kwa uzito uleule. Kilichokosekana pale hakikuwa elimu ya wanawake, bali watu wa kuwasikiliza.

Kwa kuwa nimeilaumu makala yenu, haki inanitaka niwaguse pia watetezi wa wanawake, ambao nao wana namba zao zisizo na miguu. Tumesikia kwa miongo kadhaa kwamba wanawake huzalisha asilimia 60 hadi 80 ya chakula cha Afrika, na wengi wetu tumeirudia kauli hiyo majukwaani, nami nimo. Watafiti walipohesabu saa za kazi shambani katika nchi sita za Afrika na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta wastani wa mchango wa wanawake katika kazi za mazao ni asilimia 40, ukitofautiana sana toka nchi hadi nchi, kuanzia asilimia 24 nchini Niger hadi 56 nchini Uganda. Asilimia 40 ya kazi za shamba, juu ya kazi zote za nyumbani, si kidogo hata chembe. Namba iliyokuzwa ina madhara yake, kwa sababu mtu akiambiwa kwamba wanawake tayari wanafanya karibu kila kitu shambani, hatauliza ni saa ngapi za wanaume zinazokosekana katika vipande vyao, na swali hilo ndilo lenye jibu.

Ripoti ya FAO ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba wanawake wakipata rasilimali za uzalishaji sawa na wanaume, mavuno katika mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Neno rasilimali katika sentensi hiyo limefasiriwa kwa miaka mingi kuwa ni mbegu, mbolea na semina, labda kwa sababu vitu hivyo ni rahisi kuvihesabu na kuvipiga picha. Kwa maoni yangu, fedha ileile ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingetumika kumpunguzia mwanamke saa: zana za palizi zenye mpini na uzito unaolingana na mwili wake, huduma ya plau au trekta la mkono inayofika kwenye kipande chake wakati mvua bado ipo, kisima kilicho karibu, mahali pa kuachia watoto wadogo katika wiki za palizi, na mkopo mdogo wa kulipia vibarua unaotolewa mwanzoni mwa palizi na kulipwa baada ya mavuno, bila kudai hati ya ardhi. Ruzuku ya mbolea ikiwapo, iandikwe kwa jina la anayesimamia kipande, na iambatane na jibu la swali la nani atapalilia. Ninakiri kwamba mkopo wa vibarua ni mgumu kuusimamia, na nimewahi kuona mmoja ukivunjika kwa sababu fedha zilitoka palizi ikiwa imekwisha. Kosa lilikuwa la tarehe, na tarehe hurekebishika.

Nawaomba pia wanaoandaa dodoso za kilimo, ambao najua baadhi yao husoma gazeti hili, waweke swali la msimamizi mbele ya kila kipande, na wamwagize mdadisi amuulize mwenyewe, akiwa peke yake, pale alipo. Mimi nilikuwa na nafasi ya kumuuliza yule mama wa shamba la bondeni. Alikuwa hatua chache tu kutoka nilipoketi, na alikuwa tayari ameanza kujibu.

Wenu,
Afisa ugani mstaafu